Sauti Chini ya Gogo

Mama alipofariki, zamu yake ya maji ilibaki. Hiyo ndiyo mali ya maana aliyotuachia, na ndiyo iliyoleta yote ninayotaka kuyasimulia.

Sisi ni watu wa milimani juu ya Same, kule ambako mashamba yameshikilia miteremko na mvua haziaminiki. Kwa hiyo tangu enzi za mababu kuna ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Jioni linazibwa, usiku maji ya kijito yanajikusanya humo, na alfajiri linazibuliwa ili maji yashuke kwa mfereji hadi mashambani. Kila nyumba iliyotoa jasho kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuchimba na kusafisha mifereji, ilikuwa na zamu yake. Mzee wa ndiva alizishika zamu zote kichwani. Kulipopambazuka alisimama ukingoni akaita jina la mwenye zamu, na aliyeitwa akajibu, "Tupo!" Asiposikika, maji yalikwenda kwa mwingine.

Baba ndiye aliyetangulia kufa. Alishuka tambarare kukata mkonge, kama walivyoshuka wanaume wengi wa kwetu wakati wa Waingereza, akarudishwa kwa machela akitetemeka kwa homa. Baada ya matanga mama alishika jembe lake na zamu yake. Haikuwa kawaida mwanamke kusimama ndivani alfajiri kati ya wanaume, lakini yeye alisimama, amejifunga kaniki kifuani, na "Tupo!" yake iliwazidi wote. Maji yakishazibuliwa alitangulia nayo mbio kando ya mfereji akituita sisi tuliokuwa chini, ili tufungue mlango wa shamba kabla hayajafika: "Wanangu, maji! Wanangu, maji hayo!" Aliita kwa Chasu, yaani Kipare, lugha ya nyumbani, akilivuta neno la mwisho mpaka likapinda na kona ya mlima. Sauti yake ilitufikia kabla ya maji.

Masika yaliyofuata yalimletea kichomi, na kichomi hakikumkawiza.

Nilikuwa darasa la nne katika shule ya misheni. Hakuna aliyeniambia niache. Siku tuliyomzika niliweka kibao changu cha kuandikia juu ya dari pamoja na mbegu za maharage, na hapo ndipo kilipobaki. Nyuma yangu walikuwa wavulana wawili, na nyuma yao kitindamimba wetu, msichana ambaye meno ya utoto yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kulegea.

Matanga yalipoanuliwa, ndugu wa baba walikaa kutugawa. Wavulana waende kwa baba mkubwa kuchunga mbuzi zake. Kitindamimba aende Kileo, huko tambarare ya Mwanga, kwa shangazi ambaye Mungu hakumpa mtoto. Mimi ningekaa na bibi mpaka nipate mume.

Nikasema hatugawanyiki.

"Mtakula nini?" baba mkubwa aliuliza.

"Makande."

"Makande yanaokotwa barabarani siku hizi?"

"Yanatoka shambani. Tuna zamu ya maji."

Wakacheka, hata shangazi aliyekuwa bado analia. "Jamani, huyu ana kichwa cha mama yake," alisema.

"Basi hicho kichwa ndicho kitakachotulisha," nikamjibu, na bibi akanifinya paja kwa sababu nilikuwa nimevuka mpaka.

Hata hivyo walikubali, kwa sharti moja. Shamba likitoa, tukae pamoja. Siku likishindwa kutoa, mgawanyo uko palepale. Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo kwamba wadogo zangu watatu walikuwa wamening'inia kwenye ule mfereji.

Zamu yetu ya kwanza ilipofika nilipanda ndivani gizani nikasimama mahali aliposimama mama. Mzee wa ndiva akakohoa, akaita jina la mama. Sijui kama ni mazoea au ni kanuni. Wanaume wakatazama chini. Nami nikajibu "Tupo!" kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, na maji yakazibuliwa. Zamu zilizofuata ikawa vivyo hivyo. Kwa desturi ya ndiva yetu, zamu haikubadili jina mpaka mavuno yapite, hivyo kila mara aliitwa marehemu nikaitikia mimi.

Juu kidogo ya shamba letu mfereji ulivuka korongo kwa gogo lililochongwa katikati kama mtumbwi. Mwisho wa gogo maji yalianguka katika tundu la mawe, yakazunguka humo, kisha yakatokea upande wa pili penye magimbi, na kuingia shambani. Kazi ya kitindamimba ilikuwa kukaa pale kwenye magimbi. Akiona maji, awapigie kelele kaka zake wafungue mlango.

Mtoto huyo tangu mazishi alikuwa amekataa kula. Nilimtafunia makande nikamtilia mdomoni kama kinda la ndege, akayatema. Alikuwa amebaki macho na magoti.

Asubuhi moja nilishuka na maji nikamkuta amekaa juu ya jiwe, uso umemng'aa.

"Mama ameita," akasema.

"Nani?"

"Mama. Amesema, wanangu, maji."

"Ni mimi niliyeita. Nilikuwa pale juu."

Akanitazama kwa huruma. "Dada, wewe sauti yako ya mbuzi. Mama yuko chini ya gogo."

Siku hiyo alikula. Aliomba kiazi, akala nusu, na nusu nyingine akaipeleka kwenye tundu la mawe akaiweka vizuri kwenye jani la gimbi. Niliona nikamwacha. Nani angemnyang'anya? Alianza kuota mashavu. Alianza kuwachokoza kaka zake, kuwaambia mama amesema hawajaosha miguu. Wao walimcheka, kisha wakaacha kumcheka, kisha nikawaona wakienda kutega masikio kwenye gogo mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anatafuta kaa.

Nami nilisikia. Ilikuwa zamu ya wakati wa palizi. Nilikuwa nimelima tangu juzi yake bila kupumzika, sikuwa nimekula, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilifika kwenye gogo nikainama kutoa majani yaliyokwama, na chini yangu, wazi kabisa, kwa Chasu, na lile neno la mwisho likivutwa: *Wanangu, maji.* Kabla sijajua nafanya nini nikawa nimesema, "Abee, mama."

Nikakaa chini kwenye matope. Sikuogopa hata kidogo. Nilitamani aniite tena. Niliketi pale mpaka wavulana wakaja kuniambia maji yanamwagikia njiani.

Jambo la namna hii halifichiki milimani. Wavulana waliwaambia wenzao machungani, na kabla ya Jumapili mwinjilisti alikuwa mlangoni petu. Alisali vizuri, akamwekea mtoto mkono kichwani, akasema ni Shetani anavaa sauti ya mama, na tusiweke viazi pale. Mzee wa ndiva alikuja siku nyingine, akakaa kwenye kigoda, hakusali.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hali za watoto?"

"Hawajambo."

Alizungusha fimbo yake mchangani kwa muda. "Mama yenu hajaambiwa," akasema mwishowe. "Kila zamu namwita, na zamu inaitikiwa. Mtu akiitwa huja. Kosa si lako, ni la taratibu. Inabidi tuifunge zamu, mfereji wenu ukauke mpaka mvua nyingine, ndipo ajue kwamba kazi yake imekwisha. Baadaye tutaifungua kwa jina lako."

"Babu, mahindi yametoa mbelewele sasa."

"Najua."

"Yakikosa maji sasa hayatakuwa na kitu."

"Mwanangu, najua."

Alikuwa mtu mwema. Kilichonivunja moyo ni kwamba alisema kwa wema. Hatukuwa na adui wa kugombana naye. Shangazi naye alipanda kutoka Kileo baada ya kupata habari sokoni Same, na yeye pia alikuja kwa wema. Alileta khanga kwa mtoto na sukari guru. Usiku tulipolala kitanda kimoja alininong'oneza, "Marehemu akimwita mtoto kila siku, mwisho mtoto humfuata. Nipe nimwokoe." Wazee walipanga kukutana kwenye gogo baada ya siku ya soko, waone, waamue. Uamuzi wenyewe ulikuwa umekwishajulikana.

Katika siku hizo za kungoja alikuwako jirani yetu mmoja, bibi arusi. Kijana wa jirani alimleta kutoka Kighare, huko Ugweno, upande wa kaskazini. Wagweno wana lugha yao, na Chasu alikuwa hajakijua. Tulizungumza Kiswahili, chake cha kuvunjikavunjika na changu cha darasa la nne. Alikuwa mcheshi. Aliniambia sisi watu wa kusini tunaongea kana kwamba tuna gimbi la moto mdomoni, nami nikamwambia kwao hawana magimbi ndiyo maana midomo yao imelegea.

Mchana mmoja, siku ya zamu ya jirani wa chini yetu, nilimkuta anakata majani ya ng'ombe kwenye korongo. Maji yalikuwa yanapita. Mundu ulikuwa umelala pembeni na yeye amekaa ameshika kichwa.

"Una nini, wifi?"

"Hakuna kitu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ni bibi yangu. Kila nikipita hapa ananiita nikateke maji. Alikufa mwaka jana. Nilifikiri nimemwacha nyumbani, kumbe kanifuata mpaka huku kwenu."

Nilisimama kama niliyepigwa. "Anakuita kutoka wapi?"

"Hapo chini ya gogo. Wewe husikii?"

Nilitega sikio. Mama alikuwa anaita. "Na sasa hivi anaita?"

"Sasa hivi."

"Kwa lugha gani?"

Akacheka katikati ya machozi. "Lugha gani! Kigweno. Bibi yangu Kipare alikijulia wapi?"

Nilimwomba akae, nikashuka korongoni. Niling'oa majani mengi, nikayasokota tita, nikalishindilia katika lile tundu la mawe, ili maji yanapoanguka yaangukie kwenye kitu laini. Sauti ya maji ikawa chapa-chapa tu, kama mtu anayekanda unga. Nikapanda.

"Na sasa?"

Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Uso wake ulibadilika polepole. "Amenyamaza," akasema.

Kwangu pia mama alikuwa amenyamaza.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilijaribu kulikwepa jambo lenyewe kwa kila njia. Labda bibi yake na mama yangu walikutana huko. Labda mizimu yote inapenda magogo. Lakini mawazo yalinirudisha palepale. Maji yale yale, kwa wakati ule ule, hayawezi kumwita mmoja kwa Chasu na mwingine kwa Kigweno. Kumbe maneno hayakuwa kwenye maji. Sisi ndio tuliokuja nayo. Tundu lilitoa mvumo, na kila mmoja alichota humo kile alichokuwa anakitamani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimuuzia daktari mmoja wa Same mayai, tukawa tunaongea. Aliniambia waliofiwa wengi husikia na kuona hivyo, na si wendawazimu wala wachawi. Akili iliyozoea kumngoja mtu, alisema, haiachi kumngoja kwa sababu tu amezikwa. Inapochoka, inapokuwa na njaa, inapopewa sauti isiyo na umbo, inaipa umbo yenyewe. Nilimuuliza kama kutajiwa jina la mtu huyo muda mfupi kabla kunaongeza. Akasema kunaongeza sana. Nilifikiri juu ya mzee wa ndiva alfajiri, akiita jina la mama, nami nikishuka na jina hilo masikioni. Nilimshukuru daktari. Hakuniambia kitu ambacho gogo halikuwa limeniambia.

Siku ya wazee ilifika. Walikuja watano au sita, baba mkubwa, mwinjilisti kwa mbali kidogo na Biblia yake kwapani, shangazi akiwa amemshika mtoto mkono. Nilimwalika na bibi arusi wa Kighare. Mzee wa ndiva alikuwa ameacha maji yapite kwa makusudi.

Niliwaamkia, nikaomba ruhusa ya kusema. Baba mkubwa akasema watoto hawasemi hapa. Mzee wa ndiva akasema, "Aliyeitikia zamu anasema."

Nikawaomba kila mmoja asogee kwenye gogo peke yake, asikilize, asiseme mpaka wote wamalize. Bibi arusi alianza. Mwinjilisti alikataa, kisha akaenda. Baba mkubwa alikwenda akiwa amenuna, akarudi haraka. Mzee wa ndiva alikwenda mwisho, akakaa sana, kofia mkononi.

Kisha nikauliza. Bibi arusi akasema ni bibi yake, kwa Kigweno. Wazee wakageuka kumtazama.

"Kwa lugha gani?" baba mkubwa akauliza.

"Kigweno, baba."

"Sasa huyu marehemu wetu alisomea wapi Kigweno?" akasema mtu mmoja, na wengine wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiotulia.

Baba mkubwa alisema yeye amesikia maji tu, maji ni maji. Mwinjilisti alisema amesikia kitu kama kwaya, lakini hawezi kuapa. Tukamtazama mzee wa ndiva. Alikuwa bado hajavaa kofia.

"Mimi namsikia kijana wangu," akasema.

Kijana wake alikuwa amechukuliwa na keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa vitani mbali, na kilichorudi ni habari tu. Hapakuwa na kaburi.

"Namsikia siku zote ninapokagua mfereji hapa," akaendelea. "Nilidhani amenichagua mimi. Sikumwambia mtu, hata mama yake." Aligeuza kofia mkononi. "Nilipoambiwa mtoto huyu anamsikia mama yake, nikasema, basi ni mahali pao waliokufa. Kumbe ni mahali petu."

Hakuna aliyecheka. Nikashuka nikaweka tita la majani ndani ya tundu. Mvumo ukafa. Niliwaona wakisikiliza ule ukimya, na mzee wa ndiva akafumba macho.

"Hakuna anayerudi kudai maji," nikasema kutoka kule chini. "Sisi tuliobaki ndio tunaowaita. Msinifungie zamu."

Walinong'onezana. Walipomaliza, mzee wa ndiva alivaa kofia yake akasema zamu haifungwi, na kuanzia kesho itaitwa kwa jina langu. Baba mkubwa akasema, haya, na wakae. Shangazi aliachia mkono wa mtoto. Nilikuwa nimeshinda. Nyumba ilikuwa imesimama.

Kitindamimba alikuja mpaka ukingoni mwa korongo akanitazama pale chini, miguu yangu ndani ya maji, mikono yangu imejaa majani.

"Dada," akasema, "kwa nini umemziba mama mdomo?"

Nikamwambia si mama, ni maji na mawe. Nilimwonyesha. Nilitoa tita, nikalirudisha, nikalitoa. Nilimweleza vizuri, kama mwalimu wetu alivyotueleza hesabu za kugawanya, na alikuwa mtoto mwenye akili. Alielewa. Nilimwona akielewa.

Kesho yake alitoka mapema akatoa yale majani mwenyewe. Nilimkuta amelala kifudifudi juu ya gogo, sikio limegusa mti. Alikaa hivyo mpaka upande mmoja wa uso ukawa na alama za gome la gogo.

"Umesikia?"

"Maji," akasema. "Ni maji tu, dada."

Nami niliinama nikasikiliza. Nilifunga macho, nikajitaabisha kuikumbuka sauti, nikaisukuma ndani ya maji kwa nguvu zangu zote. Yalikuwa maji tu. Wavulana nao vilevile. Mama alikuwa amekufa masika, na wiki ile akafa tena, na safari hii hapakuwa na matanga wala mtu wa kuja kutupa pole.

Mahindi yalibeba vizuri mwaka ule. Tulikuwa na makande ya kutosha, na kitindamimba hakuyala. Aliketi sahani mbele yake, mpole, akisema "nimeshiba, dada." Alirudi kuwa macho na magoti. Bibi alijaribu, bibi arusi wa Kighare alijaribu na vichekesho vyake vyote. Shangazi alipopanda tena, mtoto alimsogelea bila kuitwa, akajifunika kwenye khanga yake.

"Unataka kwenda Kileo?" nikamuuliza.

"Kuna mifereji huko?"

Shangazi akasema, "Iko mingi, mwanangu. Shamba letu lote ni mifereji."

"Basi nitakwenda."

Nilielewa alichokuwa anakitafuta. Hakuna mzee aliyetugawa na hakuna njaa iliyotugawa. Nilimfunga nguo zake kwenye kipande cha kaniki ya mama, nikamsindikiza mpaka mahali njia inapoanza kuteremka kwenda Same. Hakulia. Alinipungia mkono kama anayekwenda sokoni.

Baada ya mavuno nilishuka kumfuata. Sijawahi kuona nchi iliyolala kama ile. Shangazi alinipokea kwa furaha. Kitindamimba alikuwa uani anapepeta mchele, amenenepa, nywele zimesukwa. Alikuja akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

Alikuwa hajawahi kuniamkia. Nyumbani tulikuwa tunarukiana migongoni. Nikasema marahaba. Alimwita shangazi "mama" alipomwomba ungo mwingine, kisha akanitazama haraka kuona kama nimesikia.

Jioni alinipeleka kunionyesha mfereji. Ulikuwa mpana na wenye tope, maji yakipita taratibu kati ya mashamba bila hata kububujika.

"Ya huku hayasemi kitu," akasema. "Yanapita tu. Nimeshazunguka yote."

Tuliketi kwenye ukingo. Nikamwambia wavulana wanamuulizia, mbuzi wamezaa, nimemtengea maharage ya rangi anayoyapenda. Nikamwambia nimekuja kumchukua, turudi tuwe wanne.

Alichezea udongo kwa kidole cha mguu. "Mama yuko huko?"

Neno moja lingetosha. Ningesema yuko, na kesho yake tungekuwa garini kwenda Same, na mkono wake ndani ya wangu. Nilikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini angefika, angelala juu ya lile gogo, na angesikiliza.

"Hayupo," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza njia akaelezwa. "Basi nitakaa huku."

Nilipanda mlima peke yangu. Zamu yetu iliangukia alfajiri iliyofuata, nami nikaenda ndivani na vumbi la Kileo bado liko kwenye pindo la khanga. Mzee wa ndiva aliniona, akaniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Alitazama pembeni akakohoa. Kisha akaita jina langu, kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Wavulana walikuwa chini wakingoja mlangoni mwa shamba. Nikavuta pumzi.

"Tupo!" nikajibu, na mzibo ukatolewa.